Kaka yangu wa Kome kasema mbele ya ukoo kwamba hana mdogo wa kiume

Mleta uzi

Wakuu, habari za usiku. Miaka yote humu mimi ni msomaji tu. Leo naandika kwa sababu usingizi umekata na mke wangu amechoka kunisikiliza, amegeukia ukutani.

Naishi Mwanza, Igogo, huku juu kwenye mawe. Anayeijua Igogo anaelewa: ukikaa chini unapata barabara na maji, ukikaa juu unapata upepo na kuliangalia ziwa bure. Nina miaka 48. Zaidi ya miaka ishirini nimekuwa kwenye kiwanda cha minofu ya sangara, upande wa mapokezi, kazi yangu kupima. Samaki anashuka kwenye gari la barafu, namlaza kwenye ubao, nasoma sentimita. Asipofika 50, harudi ziwani maana keshakufa, ila kwetu haingii. Maisha yangu ukiyakunja vizuri yanaenea kwenye rula.

Tumezaliwa watatu. Kaka ni wa 1972, mimi 1977, dada yetu ndiye kitinda mimba. Baba alikuwa Mkerewe aliyefuata samaki kisiwa cha Kome, akaoa Mzinza wa Nyehunge, akabaki hukohuko. Alifariki 1991. Kaka alikuwa na la saba lake na miaka kumi na tisa. Akashika kamba ya kokoro.

Kwa mliokulia mbali na maji: kokoro ni wavu mrefu wenye mfuko katikati. Mtumbwi unauzungusha ziwani, kamba mbili zinarudishwa ufukweni, watu wanavuta huku na huku hadi mfuko unatoka. Unakomba kila kitu mpaka tope. Ni haramu, na nimevuta kila likizo ya sekondari. Kuna asubuhi siisahau: sato jike kalala mchangani, kaachama, vitoto vinamtoka mdomoni, vidogo kama punje za ulezi zenye macho. Sato analea mdomoni, yeye asipokula siku hizo ni kwa ajili yao. Kaka alivitazama, akavifukia mchanga kwa kidole gumba cha mguu, akasema, "Vuta, bwana mdogo. Ada haijatimia."

Nikasoma. Mei 1996 MV Bukoba ilipozama nilikuwa kidato cha nne mjini. Simu hakuna. Siku ya tatu nikaitwa getini, namkuta kaka, suruali imelowa mpaka magotini, kavuka kutoka Kome kuja kuangalia kama nipo. Nikamwambia kaka, mimi sikuwa na safari ya Bukoba, ningeenda Bukoba kufanya nini? Akasema, "Najua." Akanipa sato wawili wa kukaanga kwenye gazeti akaondoka.

Mwaka 1997 nikaingia kiwandani. 1999 Ulaya wakafunga soko la samaki wa ziwa letu kwa sababu ya habari za watu kuvua kwa sumu, na vibarua tukaambiwa tukapumzike nyumbani. Nilikuwa na mke mpya na mtoto wa miezi minne. Kila wiki, bila kumuomba, kaka alituma kiroba cha samaki wakavu kwa watu wa mitumbwi, na katikati ya samaki kuna noti zimefungwa kwenye nailoni. Zile hela zilikuwa zinanuka. Nikizipeleka dukani, mwenye duka anacheka, "Kome wamekukumbuka."

Sasa mwaka 2018, mnakumbuka ile operesheni kubwa ya zana haramu, ziwa zima. Ikafika hadi mwaloni kwa kaka, pale mitumbwi inaposhusha samaki. Kokoro lake likachomwa moto hapohapo ufukweni, akalipa faini, akauza mtumbwi na injini. Mtoto wake wa kwanza alikuwa kidato cha tatu, kapanga geto karibu na shule. Kodi ikakatika, mtoto akarudi. Leo anaendesha bodaboda Sengerema.

Usiku wa siku ile kaka alinipigia simu. Neno moja tu: "Umefurahi?" Akakata. Tangu hapo kimya. Yeye anaamini mimi ndiye niliyemchoma, kwa sababu nafanya kazi na watu wa kupima samaki. Mimi sijawahi kumripoti mtu yeyote popote.

Mwezi uliopita mama kafariki, hapa kwangu. Gari halifiki, jeneza limeshushwa kwa mabega kwenye yale mawe, vijana wanaambiana "weka mguu, sasa wewe, weka mguu". Kigongo tumepita juu ya daraja jipya, kilomita 3 hizo dakika chache zimekwisha. Mama maisha yake yote alivuka pale kwa kivuko, anashuka kwenye basi na kikapu chake, anapanga foleni. Darajani kapita mara moja, na hakuliona.

Kaka alikuwa anatusubiri Nyehunge. Tumebeba jeneza mimi na yeye upande mmoja, yeye mbele, mimi nyuma yake. Nimeangalia kisogo chake mpaka kaburini. Kimejaa mvi.

Juzi tumevunja matanga. Vyombo vya mama vikagawanywa. Dada kapewa kanga na cherehani. Ikabaki mikeka, sufuria, na kibao cha kukatia mboga. Hicho kibao ni ubao wangu wa kwanza wa kupimia samaki, ulichakaa kiwandani nikampelekea mama mwaka 2003. Alikatia mchicha mpaka mistari ikafutika katikati, inaanza 1 hadi 20, halafu unaiona tena kuanzia 40. Hakuna aliyekitaka. Kaka akasema, "Hicho nitachukua mimi." Mzee wa ukoo akamwambia, mgawane na mdogo wako, mwachie hata sufuria. Kaka akajibu taratibu tu, wala hakupandisha sauti: "Mzee, nina dada. Mdogo wa kiume sina."

Watu wakaangalia chini. Watoto wetu walikuwa benchi moja wanachezea simu, na hakuna mwenye namba ya mwenzake.

Nifanyeje wakuu?

Mdau wa Buhongwa

Pole kwa msiba mkuu. Achana naye. Mimi kwetu tulianza kugawanyika kwa madhehebu, ikaja vyama, sasa hivi kuna kundi la familia la WhatsApp na kundi la "familia halisi". Nipo kwenye yote mawili na nimeyanyamazisha yote mawili. Ndugu ni yule anayekuja na ndoo ya maji ukiunguliwa.

Mzee wa Mwalo

Mleta uzi, niliwahi kuwa kwenye kikundi cha ulinzi cha mwalo wetu, kile mnachokiita BMU, kwa hiyo nakwambia kitu cha kukusaidia. Kokoro halifichiki. Linavutwa na watu kumi na zaidi, mchana, ufukweni. Sisi tulikuwa tunawajua wote kwa majina na majina ya mama zao. Msako ukija hauhitaji mtu wa kiwandani aseme.

Kazi ile ilinifundisha ubaya wake. Unachaguliwa kulinda ziwa dhidi ya watu mnaozikana. Unamkamata mtu asubuhi, jioni mtoto wako anaumwa na mtumbwi wa kumpeleka hospitali ni wa yuleyule. Nilikaa kipindi kimoja nikaomba kupumzika. Mke wangu alikuwa hasalimiwi kisimani.

Na tusisahau huyu sangara tunayemgombania ni mgeni. Aliletwa na wakoloni miaka ya hamsini na sitini, akawala furu, wale samaki wetu wadogo wa asili, karibu kuwamaliza. Baba yangu alikuwa anasema furu mmoja ni mboga ya mtoto, hukumwita mtu kugawana. Sangara ndiye aliyeleta mzani, na mzani ndio ulioleta tajiri.

Mama Dagaa

Poleni wafiwa. Mimi naanika dagaa Igombe, nimesoma uzi huu nikiwa nimekaa chini ya chanja.

Kaka mleta uzi, umeandika vizuri, na mahali pamoja umeandika haraka. Umesema "sijawahi kumripoti mtu yeyote popote". Sikuuliza kama uliripoti. Nakuuliza, ulimwambia nani? Maana mtu hawezi kukaa miaka saba na kesi ya hewa. Kitu kilimfikia.

Kijana wa Nansio

Mama kaingia na mguu mbaya. Nimekaa pale nasubiri jibu.

Mleta uzi

Mama Dagaa, nimesoma swali lako asubuhi, nikaenda kazini nalo, nikarudi nalo.

Kulikuwa na bwana mmoja tunakunywa naye chai pale kwa mama ntilie nje ya geti. Mtu wa mjini, anaongea sana. Siku hizo za 2018 samaki walikuwa wanakuja wadogo, tunawakataa magari kwa magari, na kila siku kwenye chai maneno ni hayohayo: watu wa visiwani wanamaliza ziwa, watu wa visiwani hawana akili ya kesho, watu wa visiwani wakishiba wanajinyonga na tumbo. Halafu wananiangalia. "Si ndio kwenu kule?"

Nikasema. Nikasema hata mimi wananichukiza, kwamba kwetu Kome kuna mwalo kokoro linavutwa mchana kweupe na hakuna anayeuliza. Nikautaja mwalo. Jina la mtu sikutaja.

Ila ule mwalo ulikuwa na kokoro moja.

Yule bwana ana shemeji yake alikuwa kwenye kazi hizo. Hilo nilikuwa nalijua. Wiki ya pili wakafika. Inawezekana walikuwa na ratiba yao, kama Mzee wa Mwalo anavyosema. Nimejishikiza na hiyo "inawezekana" miaka saba, na ndiyo sababu nimeandika haraka pale ulipopaona.

Na nikwambie kilichonifanya niseme. Haikuwa huruma ya samaki. Nilitaka wale pale kwenye chai wanihesabu wa kwao. Nimekuja mjini na viatu vya kaka, nikasoma kwa kamba ya kaka, na nikawa nimechoka kunuka dagaa. Basi.

Mke wa kaka aliwahi kumwambia mke wangu kwamba sisi tunakula minofu na wao wanakula mifupa. Niliumia sana kwa sababu si kweli. Minofu ilikuwa inapanda ndege. Kiwandani tulikuwa tunauziwa mapanki, yale mabaki ya samaki aliyetolewa minofu, kama mtu yeyote, tunayakaanga, tunayala. Tofauti ni kwamba mimi nilikuwa nayapata nikiwa nimevaa gambuti nyeupe, na nikaanza kudhani gambuti ni ukoo.

Mdau wa Buhongwa

Duh. Basi nafuta ile "achana naye".

Binti wa Kome

Nimejiunga leo kujibu huu uzi tu. Mimi ni wa visiwani, ndio sisi msio na akili ya kesho mnaotusema kwenye chai.

Niwaulize watu wa mjini. Mabondo ya sangara, yale mapulizo ya hewa ya tumboni mwake, yanayouzwa bei ya kutisha, tunayavaa sisi? Kayabo, ile samaki ya kukausha kwa chumvi, ikienda Kongo, lori ni la nani? Kokoro linanunuliwa kwa hela za nani, mvuvi anayelala kwenye kibanda cha nyasi, au tajiri ambaye jina lake hamlisikii siku ya kuchoma nyavu? Kwetu wakichoma nyavu tunaona moshi, hatuoni tajiri. Sisemi kokoro ni halali. Babu yangu mwenyewe alikuwa analilaani, anasema linavua na wasiozaliwa. Nasema kumpima samaki aliyekwisha kufa ni kazi rahisi, halafu mpimaji anakuwa msafi na aliyelowa anakuwa mchafu.

Mleta uzi sikutukani. Umesema ukweli na wengi hawasemi. Ila usiende Kome na maneno ya "tusameheane, maisha ni mafupi". Atakurudisha na kivuko hichohicho.

Mzee wa Mwalo

Binti huyu kasema. Kipindi changu tajiri nilimwona mara moja tu. Alikuja kuuliza nyavu zake zimefika wapi, kwa sauti ya mtu aliyedhulumiwa.

Kijana wa Nansio

Swali dogo mleta uzi, kaka anafanya nini sasa hivi?

Mleta uzi

Dada kaniambia anavua dagaa, kwenye mtumbwi wa mtu. Miaka 53, usiku kucha na taa, pamoja na vijana wa umri wa mwanaye. Binti wa Kome, nimekusoma, na lile la wasiozaliwa limenikaa.

Kiwandani kwenyewe hakuna cha kuringia. Siku hizi magari yanakuja machache, kuna viwanda vilishafunga mlango kwa kukosa samaki, na sisi tunaitwa siku za kuhesabu. Wale wa kwenye chai wametawanyika. Yule bwana wa shemeji anauza vifaa vya simu huko Mabatini, tukikutana ananiita "mwanangu" na mimi naitika.

Mama Dagaa

Asante kwa kujibu. Hukunijibu mimi lakini.

Kama anavua dagaa, usiende wakati wa giza. Giza ndilo la kazi. Utamkuta kalala mchana, macho mekundu, hana muda na wewe. Subiri mbalamwezi. Mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawafuati taa, mitumbwi inapandishwa, wanaume wanashona nyavu na kuhesabu madeni. Nami nitahesabu yangu. Mtu akihesabu madeni ndipo anakumbuka na aliyemdai.

Na usimpelekee hela. Mwaka ule yeye alizifunga katikati ya samaki kwa sababu hakutaka uzione anapokupa. Wewe ukimpa mkononi atakuona unalipa faini.

Mdau wa Buhongwa

Sasa aende mikono mitupu?

Mama Dagaa

Apeleke sukari na majani ya chai kama mgeni yeyote. Na ampeleke mwanawe, wale waliokaa benchi moja.

Mleta uzi

Narudi na mrejesho, nimechelewa, mnisamehe.

Nimekwenda Ijumaa, mwezi umejaa. Nimeongozana na kijana wangu wa kwanza, yule aliyekuwa na miezi minne mwaka 1999, sasa ana ndevu kunizidi. Tumepita darajani. Pale Kigongo nilikuwa nawatafuta kwa macho wale akina mama wa samaki wa kukaanga waliokuwa wanakimbilia madirisha ya mabasi kwenye foleni. Basi halikusimama. Sengerema tukamchukua mtoto wa kaka na pikipiki yake, hakutaka mwanzoni, kijana wangu akaongea naye pembeni, sijui alimwambia nini. Nyakaliro tukapanda kivuko.

Kaka tulimkuta kakaa kwenye mtumbwi uliopinduliwa, ana sindano ya nyavu mdomoni. Alituona tangu mbali. Hakuinuka. Nikamsalimia, "Shikamoo kaka." Akatoa sindano, akasema "Marahaba", kama anavyomwitikia mpita njia. Kisha akawaita vijana, akaanza kuwauliza habari za pikipiki, mafuta bei gani siku hizi, trafiki wanasumbua?

Nilikuwa nimepanga maneno tangu Igogo. Nikayasema pale nimesimama. Nikamwambia lile la kwenye chai lote, kwamba sikutaja jina ila nilitaja mwalo, na nilijua kokoro ni moja. Aliendelea kushona. Nilipomaliza akasema, "Yule shemeji mtu alinitajia siku ileile. Alisema, mdogo wako ndiye anayetupa picha." Kumbe alijua yote, neno kwa neno, miaka saba. Alichokuwa anasubiri sikijui. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akanijibu, "Ungekataa. Halafu ningekuwa na mdogo muongo." Akaomba mkasi.

Hatukukumbatiana wala nini, sisi si watu hao. Shemeji yangu, mke wa kaka, akachukua sukari, akasema asante, akaingia jikoni kwa nyuma. Jua likazama, mwezi ukatoka upande wa pili kama sinia. Kaka akaondoka bila kuaga. Nikajua ndiyo imekwisha hivyo, nikamwambia kijana tuwahi tukatafute pa kulala.

Akarudi na sangara kamshika matamvua. Akamtupa chini mbele yangu kwenye mwanga wa taa. Samaki wa wastani. Sasa wakuu, mkono una mazoea yake. Kabla sijafikiri nikawa nimechuchumaa, nimeshanyoosha shubiri kutoka kwenye pua kuelekea mkia. Shubiri ya kwanza. Nikasikia watu wote wamenyamaza, hadi shemeji pale mlangoni na mwiko wake. Mkono ukaniganda palepale juu ya samaki.

Kaka akasema, "Inua mkono. Ana hamsini na mbili. Nimempima kwenye ubao wa mama."

Kijana wa Nansio

Mlimla?

Mleta uzi

Tulimla, na ugali wa muhogo. Kichwa nilipewa mimi.